Boga la Mahameni: Historia ya Majina ya Mimea Itambaayo katika Bustani za Mara

Mfasiri apewapo sheria ya kutafsiri hujiandaa. Apewapo kitabu cha tiba au cha mitambo hutafuta kamusi tatu na mshauri mmoja. Lakini apewapo kijitabu cha bustani ya nyumbani aghalabu hutabasamu, maana hudhani kwamba maneno yake yote anayo tangu utotoni. Makala haya yanakusudia kuonyesha, kwa kufuata historia ya mmea mmoja na jamaa zake, kwamba maneno ya jikoni na ya uani yana hatari zake, na kwamba hatari hizo mara nyingine si za sarufi tu bali ni za mwili na uhai.

Kisa kilichonifanya niifuate historia hii ni changu mwenyewe. Nilikabidhiwa kusanifu tafsiri ya kijitabu kifupi juu ya kupanda na kuvuna maboga makubwa na jamaa zake karibu na nyumba, kwa ajili ya wananchi wa Musoma, Bunda na Butiama. Matini ya asili yalikuwa na majina matatu: moja la boga kubwa liachwalo likomae, la pili la jamaa zake waliwao wangali wachanga, na la tatu la wale wenye ganda gumu wafanywao vyombo. Kwa kutaka wepesi niliyaweka yote matatu chini ya neno boga. Na palipotajwa mmea wenyewe nikaandika mboga, kama ngeli za Kiswahili zielekezavyo. Sentensi moja ikatoka hivi: “Matunda machanga ya kila aina ya boga huweza kuliwa.” Nyingine ikasema: “Panda mboga kwa nafasi ya mita mbili hadi tatu.”

Kabla ya kupigwa chapa, maandishi yalisomwa mbele ya kikundi cha akina mama huko Butiama. Bibi mmoja alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza kwa upole, “Mwanangu, na haya ya vibuyu nayo tule?” Nilipokuwa nikitafuta jibu akaongeza, “Na hiyo mboga ya kupandwa mita tatu tatu ni mboga gani, mchicha?” Watu walicheka, nami nilicheka pamoja nao; lakini swali la kwanza halikuwa la kuchekesha. Baadhi ya matunda yafanywayo vibuyu yana uchungu mkali utokanao na sumu ambayo wataalamu huiita kukabitasini. Sumu hiyo haiondoki kwa kupikwa. Huleta kutapika na kuhara vibaya, na nchini India watu wamewahi kufa kwa kunywa maji ya tunda hilo lilipokuwa chungu. Sentensi yangu, iliyo safi kwa sarufi, ilikuwa inamwalika mama wa watoto wadogo kuipika.

Mwenyeji na mgeni

Tuanze kwa kutenganisha ukoo. Mimea tunayoizungumzia ni ya jamii moja kubwa, ambayo ndani yake wamo pia tango, tikitimaji na dodoki. Katika jamii hiyo mung'unye, ambalo wengine huliita mumunye, ni mwenyeji wa Afrika. Kwa Kilatini cha wanabotania huitwa Lagenaria siceraria. Tunda hilo moja lina sura nyingi: refu kama rungu, la mviringo kama chungu, au lenye shingo nyembamba na tumbo pana. Lililo tamu huliwa likiwa changa. Lililokomaa huwa na ganda gumu kama ubao, na ndilo lifanywalo chombo. Wafugaji wa Mara, Wakurya na jirani zao, wametunzia maziwa ndani yake kwa vizazi vingi.

Boga, kwa upande wake, ni mgeni. Jenasi yake, Cucurbita, haikuwako Afrika wala Ulaya wala Asia kabla ya safari za Kolumbus za mwaka 1492 na baada yake. Asili yake ni bara la Amerika. Katika pango la Guilá Naquitz, kwenye jimbo la Oaxaca nchini Meksiko, zimepatikana mbegu za boga lililolimwa na watu yapata miaka 10,000 iliyopita, yaani kabla ya mahindi kuwa zao. Aina nyingine, ile izaayo maboga makubwa kupita yote, ilianza kulimwa Amerika ya Kusini. Mazao ya bara hilo yalianza kuingia katika pwani yetu baada ya Wareno kufika mwaka 1498, na kutoka pwani yakaenda bara, mkono kwa mkono na mbegu kwa mbegu, mpaka yakafika kando ya Ziwa Viktoria.

Hapa pana jambo la kushangaza ambalo mwalimu anaweza kulitumia darasani. Mabaki ya mung'unye, tunda la Afrika, yamepatikana Amerika katika tabaka za kale zinazokaribia umri wa boga la Guilá Naquitz. Lilifikaje? Uchunguzi wa vinasaba uliochapishwa mwaka 2014 ulionyesha kwamba mamung'unye ya kale ya Amerika yalikuwa na udugu wa karibu zaidi na yale ya Afrika, na kwamba yaelekea yalielea yenyewe juu ya bahari ya Atlantiki. Ganda gumu lililokuwa chombo cha maziwa kwetu lilikuwa jahazi la mbegu zake. Kwa hiyo mung'unye lilitutoka bila nahodha maelfu ya miaka kabla ya boga kutujia kwa merikebu. Wawili hawa wanafanana kwa jani, kwa utambaaji na kwa umbo, lakini hawazaliani, na historia zao ni mbili tofauti. Tofauti hiyo ndiyo niliyoifuta kwa neno moja.

Neno boga na neno mboga

Kiswahili kina kanuni nzuri ya kutaja mti na tunda lake. Mwembe huzaa embe, mchungwa huzaa chungwa, mtango huzaa tango, mmung'unye huzaa mung'unye. Kwa kanuni hiyo mmea uzaao boga ni mboga, na wingi wake ni miboga. Ndivyo mwanafunzi wa sarufi angetazamia. Lakini lipo neno jingine mboga, la ngeli nyingine, ambalo maana yake ni kitoweo cha majani, na kwa upana zaidi ni kitu chochote kiliwacho pamoja na ugali au wali. Maneno mawili yamekutana katika sauti moja, na lile lenye matumizi mengi limelimeza lenye matumizi machache. Leo ukisema “nimepanda mboga” hakuna atakayefikiri boga, isipokuwa kama ulikwisha kulitaja.

Je, kukutana huko ni kwa bahati tu? Yaelekea sivyo. Shina -boga lenye maana ya majani ya kupika limeenea katika lugha nyingi za Kibantu. Wanyarwanda na Warundi, mathalani, husema imboga. Shina lililoenea hivyo ni la kale kuliko tunda lililofika juzi kutoka Amerika. Kwa hiyo ni rahisi zaidi kuamini kwamba majani yalitangulia kuwa na jina, na kwamba mgeni alipofika aliitwa kwa kile kilichofahamika kwanza, yaani mmea wa majani ya kupika, ambao tunda lake likawa boga. Anayepika majani ya maboga hatashangaa. Mmea huu hutoa kitoweo wiki nyingi kabla ya kutoa tunda hata moja, na katika miezi ya njaa jani lake ndilo linalohesabiwa. Huko pwani kitoweo hicho cha majani kina jina lake kabisa, msusa. Na Wajaluo wanaoishi kando ya Ziwa huyaita majani hayo susa, ilhali tunda lenyewe ni budho. Kufanana kwa msusa na susa kunastahili kutazamwa na wenye taaluma ya historia ya lugha.

Jamaa mwingine wa safari hii ya maneno ni chupa. Wanaisimu wanaofuatilia asili ya lugha za Kibantu hulirudisha neno hilo kwenye shina la kale lililotaja chombo cha mung'unye. Kioo kilipoingia kilirithi jina la chombo kilichokuwapo. Kadhalika kibuyu kimeitwa kwa jina la buyu, tunda la mbuyu, ingawa kibuyu kingi kilichoko majumbani kimetoka katika mmung'unye. Mifano hii yatufundisha kwamba majina ya vitu vya nyumbani hufuata matumizi, hayafuati botania. Mwananchi akisema kibuyu anataja kazi ya kitu. Mwanabotania akisema Lagenaria anataja ukoo wake. Mfasiri hana budi kujua matini yake yanataja kipi kati ya hivyo viwili.

Mahame na samadi

Sasa twende uani. Pale Butiama, mahali palipo makazi ya ukoo wa Mwalimu Julius Nyerere, na alipozikwa tarehe 23 Oktoba 1999, panaitwa Mwitongo. Jina hilo limejengwa juu ya shina -tongo, ambalo katika lugha nyingi za Kibantu za eneo la Maziwa Makuu lina maana ya mahali palipokuwa na mji na sasa watu wamehama. Kiswahili kina neno lake zuri, mahame, ambalo limejengwa kwa kitenzi kuhama. Katika nchi ya ufugaji na ulimaji kama Mara, mahame si jangwa. Nyumba huanguka, lakini ua wa minyaa uliozunguka mji huendelea kusimama, na palipokuwa zizi hubaki udongo mweusi ulioshiba samadi ya miaka. Hapo ndipo boga hustawi kuliko mahali pengine popote, maana ni mmea mlafi, upendao mbolea na maji, na usioridhika na udongo uliochoka. Mara nyingi hauhitaji hata kupandwa. Mbegu zilizotupwa pamoja na takataka za jikoni huota zenyewe mvua zinyeshapo.

Waacholi wa Uganda wanalijua jambo hili, na wana methali inayokataza kung'oa mmea wa boga ulioachwa katika mahame. Methali hiyo ilijulikana kwa ulimwengu kupitia utenzi wa Okot p'Bitek uliotoka kwa Kiingereza mwaka 1966, ambao Paul Sozigwa aliuweka katika Kiswahili kwa jina la Wimbo wa Lawino mwaka 1975. Wasomaji wengi wameichukua kuwa ni methali ya kuheshimu mila, na hawakukosea. Lakini maana hiyo ya ndani imesimama juu ya maana ya nje iliyo kweli tupu: mmea wa boga ulioko mahameni ni akiba. Anayeung'oa hapati faida yoyote, na siku ya upungufu yeye au jirani yake atalikosa jani na tunda. Mfasiri asiyelijua boga kama chakula ataitafsiri methali kama pambo.

Kati ya mwaka 1973 na mwaka 1976, wakati wa Operesheni Vijiji, familia nyingi nchini zilihama kutoka miji iliyotawanyika na kuingia katika vijiji. Mahame yakawa mengi. Shule, zahanati na bomba la maji vilikusudiwa kuwa karibu na watu, lakini samadi ya zizi la zamani haikuweza kuhamishwa kwa siku moja. Bustani ya nyumbani ilibidi ianzwe upya kwenye kiwanja kipya. Kilichohamishika kirahisi ni mbegu, iliyofungwa fundoni mwa kanga, na pamoja na mbegu jina lake. Jina likipotea mbegu haipotei mara moja; lakini mwenye nayo hawezi tena kumwomba jirani aina anayoitaka.

Kazi ya bustani na maneno yake

Msomaji atavumilia nikieleza kazi yenyewe kwa ufupi, maana kila hatua ina neno lake, na neno likikosewa kazi hukosewa.

Mkoa wa Mara hupata mvua za vuli na za masika, na boga hupandwa mwanzo wa mvua. Huchimbwa shimo pana, likajazwa samadi iliyooza vyema iliyochanganywa na udongo, na juu yake huwekwa mbegu mbili au tatu. Zikiota huachwa mche mmoja ulio imara. Nafasi ya mita mbili hadi tatu ni ya lazima kwa sababu mmea hutambaa. Hapa kitenzi ni kutambaa wala si kukua tu. Nao mmung'unye, ukipata mti au ua wa kuushikia, hupanda juu kwa vikono vyake, na matunda yake huning'inia yakanyooka shingo.

Maua ya kwanza huwa ni madume, nayo huchanua siku kadhaa kabla ya majike. Ua jike hutambulikana kwa kitunda kidogo kilichoko chini yake. Huchanua alfajiri, na kabla ya adhuhuri hufunga. Siku hiyo hiyo nyuki wasipoleta chavua, kitunda hugeuka manjano na kuanguka. Mwenye bustani anaweza kuchuma ua dume asubuhi na kuligusisha ndani ya ua jike kwa mkono wake. Methali yetu isemayo “Ukipenda boga, penda na ua lake” huhubiriwa zaidi katika harusi. Bustanini ni maelekezo ya kilimo. Anayechuma majani yote kwa kitoweo na maua yote kwa mchezo asitazamie boga.

Adui wa mmea ni wengi: ubwiri unga unaofanya jani kuwa jeupe kama lililomwagiwa unga, na nzi wa matunda wanaotaga mayai katika tunda changa hata likaoza kwa ndani. Upande wa Bunda, karibu na hifadhi ya Serengeti, yuko adui asiyetibiwa kwa dawa, naye ni tembo, ambaye kwa usiku mmoja humaliza shamba la msimu mzima.

Katika uvunaji, matini ya kigeni aghalabu hutumia neno moja tu kwa hali ya tunda kuwa tayari. Kiswahili kina tatu: kupevuka, kukomaa na kuiva. Nilikuwa nimeandika “vuna boga likiiva”, na kosa hilo nalo nililigundua kwa kusikiliza. Kuiva ni kwa embe na ndizi zinazolainika, na pia ni kwa chakula kilichoko jikoni. Boga halilainiki shambani. Boga hukomaa: ganda hukataa kupenya ukucha, rangi hutulia, na kikonyo hukauka kikawa kama kizibo au kama mti. Kwa kawaida hali hiyo hufika kati ya miezi mitatu na minne tangu kupanda. Halafu tunda halichumwi kwa kuvutwa. Hukatwa kwa kisu, kikonyo cha urefu wa vidole kadhaa kikiachwa, kwa maana tunda lililong'oka kikonyo lina kidonda, na kidonda ni mlango wa uozo. Baada ya hapo huanikwa mahali pakavu kwa muda wa siku kumi hivi, kisha huwekwa juu ya uchaga pasipo kugusana. Likitunzwa hivyo boga hudumu kwa miezi.

Kikonyo, tukiwa tumekitaja, kina faida nyingine kwa mtu wa istilahi. Ndicho kinachotenganisha aina za maboga kwa macho matupu. Boga la aina kubwa kupita zote, Cucurbita maxima, lina kikonyo cha mviringo, kinene na laini kama kizibo. Boga la pili, Cucurbita moschata, ambalo majani yake mara nyingi yana madoa meupe, lina kikonyo kigumu chenye pembe tano, kilichopanuka mahali kinapokutana na tunda. La tatu, Cucurbita pepo, lina kikonyo chenye pembe lakini hakikupanuka, na majani yake yanakwaruza. Linnaeus alilipa jina hilo la tatu mwaka 1753. Aliyezitenga zile mbili za kwanza ni Duchesne, Mfaransa, katika karne hiyo hiyo. Mtu wa Mara hahitaji majina hayo ili ale. Anayahitaji anapoweka mbegu. Maboga ya aina moja yakipandwa jirani huchanganyika, na mtoto wa mwaka wa pili hafanani na mama yake.

Ukubwa si jina

Kijitabu nilichokitaja kilisifu maboga makubwa, na pana kishawishi cha kutunga istilahi kwa ajili yake: boga-jitu, boga-kuu, na kadhalika. Historia yatushauri tusifanye haraka. Maboga ya mashindano ya Ulaya na Amerika yametokana kwa sehemu kubwa na mbegu iliyokuzwa na Howard Dill, mkulima wa Windsor, Nova Scotia, nchini Kanada, aliyeshinda mfululizo miaka minne kuanzia mwaka 1979. Mwaka 2023, huko Half Moon Bay, Kalifornia, lilipimwa boga la kilo 1,247, uzito wa gari dogo. Lakini majitu hayo yote ni Cucurbita maxima, ndugu wa boga liuzwalo katika soko la Musoma. Wakuzaji wake huchagua mbegu, huacha tunda moja tu katika mmea mzima, hulitandikia, hulifunika na kulinywesha kila siku; na mwisho wa yote halina utamu.

Kwa hiyo ukubwa ni sifa inayotokana na mbegu na kazi, na Kiswahili kina kivumishi chake: kubwa. Istilahi mpya ihifadhiwe kwa dhana mpya. Tukitunga jina kwa kila kipimo tutajaza kamusi na kuacha mtumiaji gizani.

Mmea wa Yona

Wafasiri wanaoona mjadala huu kuwa ni wa jikoni tu wakumbuke kwamba mmea wa jamii hii uliwahi kuleta ghasia kanisani, tena barani Afrika. Mwaka 403 Agostino, askofu wa Hippo, alimwandikia Jeronimo barua akimweleza yaliyotokea Oea, mji ambao leo ni Tripoli nchini Libya. Askofu wa huko alisoma kitabu cha Yona kwa tafsiri mpya ya Jeronimo. Waumini walikuwa wamezoea kusikia kwamba mmea uliomtilia Yona kivuli ulikuwa wa jamii ya mung'unye. Jeronimo alikuwa ameweka jina la mtambaazi mwingine. Watu wakapiga kelele kwamba maandiko yameharibiwa, na askofu ikambidi asahihishe ili asibaki bila waumini. Jeronimo alijibu kwamba neno la Kiebrania halikuwa na jina katika Kilatini, naye aliweka lile lililokaribia.

Wataalamu wengi wa baadaye wameona kwamba mmea uliokusudiwa huenda ni mbarika, ule utoao mafuta. Wafasiri wa Biblia ya Kiswahili waliweka mtango. Hatusemi walikosea, maana msomaji alihitaji mmea uotao upesi na kunyauka upesi, naye akaupata. Tunachosema ni kwamba kuna matini ambamo jamaa yeyote wa ukoo huu anafaa, na kuna matini ambamo mmoja tu ndiye anayefaa. Kisa cha Yona ni cha namna ya kwanza. Kijitabu cha kilimo ni cha namna ya pili, maana msomaji wake atakula anachokisoma.

Mapendekezo

Tangu Baraza la Kiswahili la Taifa lilipoundwa kwa sheria ya mwaka 1967, utaratibu uliokubalika katika kutafuta istilahi ni kuanza na Kiswahili chenyewe na lahaja zake, kisha lugha nyingine za Kibantu, kisha lugha nyingine za Afrika, ndipo kugeukia za nje. Katika suala hili hatukuhitaji kuvuka hatua ya kwanza. Maneno yalikuwapo, tulikosa kuyapanga. Napendekeza yatumike hivi katika maandishi ya kilimo, ya shule na ya ofisi:

Boga liwe tunda la Cucurbita peke yake, likiwa changa au limekomaa. Palipo haja ya kutenga, isemwe boga changa na boga lililokomaa.

Mmea wa boga utumike badala ya mboga, ili kuepuka mkanganyiko na kitoweo. Mboga katika maana ya mmea ibaki katika kamusi kama kumbukumbu halali ya lugha, lakini isitumike katika maelekezo.

Msusa liwe jina sanifu la majani ya maboga yaliwayo, na mahali lisipojulikana lifuatwe na maelezo mara ya kwanza.

Mung'unye liwe tunda la Lagenaria. Itengwe wazi: mung'unye tamu, ambalo huliwa likiwa changa, na mung'unye chungu, ambalo ni la chombo tu. Kibuyu kibaki jina la chombo, wala si la tunda.

Kukomaa kitumike kwa boga na mung'unye, na kuiva kiachiwe matunda yanayolainika na chakula kilichoko motoni.

Jirani zetu wa Kenya, ambao wengi wao husema lenge na malenge, hawana haja ya kuacha neno lao. Yatosha kamusi ziyaonyeshe yote mawili kuwa ni kitu kimoja. Aidha, walimu wa Mara wanaweza kulifanyia taifa kazi kubwa kwa kuwatuma wanafunzi nyumbani wakaulize bibi zao majina ya maboga na mamung'unye kwa Kizanaki, Kijita, Kikwaya, Kiikizu, Kikurya na Kijaluo, pamoja na sura, utamu na matumizi ya kila moja. Kazi hiyo haina gharama zaidi ya daftari, lakini haitangoji. Wenye majina hayo ni wazee.

Kijitabu kilisahihishwa. Ile sentensi iliyomshtua bibi wa Butiama sasa yasomeka: “Boga changa huliwa. Mung'unye changa huliwa likiwa tamu. Onja kipande kidogo kikiwa kibichi, na likiwa chungu teme na usilipike.” Ni sentensi ndefu kuliko ile ya kwanza, na haina uzuri wowote wa lugha. Nilimsomea tena. Akaitikia kwa kichwa, akasema hivyo ndivyo mama yake alivyomfundisha, kisha akaniuliza kwa nini sikuanza kwa kumwuliza yeye.